Siku Miguu ya Mama Ilipoombewa

Niliumbuka, jamani. Wacha niseme hivyo mwanzo, ili mwenye haraka aende zake akijua habari yenyewe.

Nyinyi hapa kwenye kikundi kila siku mnaandika: leo nimeanguka sokoni, leo nimempigia pasta simu nikidhani ni shemeji. Mimi husoma nikicheka peke yangu mpaka mjukuu wangu Mwende anauliza, "Susu, kuna nini?" Haya, sasa zamu yangu. Yangu si ya leo. Ni ya miaka ya sabini, lakini nikiikumbuka uso unawaka kana kwamba ni ya leo asubuhi.

Nilikuwa nimeolewa Tulia, kule Kitui, na Musyoka wa Nzioka. Kwetu ni Mbumbuni, upande wa Makueni. Musyoka alikuwa mtu mzuri. Mrefu, mpole, hanywi, hapigi mtu. Lakini siku moja nilitoka mtoni nikakuta zizi tupu na redio mezani. Alikuwa amemuuza Kaseo, ng'ombe wangu niliyepewa na baba kabla hajafa. Hakuniuliza. Hata hakujificha! Alikuwa anachekelea kama mtoto.

"Mama Mutinda, hebu sikiliza. Inaongea Kiswahili!"

"Haya," nikamwambia, "ikamue."

Nikamfunga Mutinda mgongoni, nikabeba kiondo changu, nikaenda barabarani kungoja basi. Nikarudi kwetu.

Sasa, enzi hizo mwanamke kurudi kwao hakukuwa jambo la kutangaza. Wenye waume walikutazama kama kuku anavyomtazama mwewe. Kwenye kwaya unasogezwa mstari wa nyuma, kisha mlangoni, kisha unajikuta nyumbani Jumapili ukiosha sufuria. Mama aliyajua hayo kuliko mimi. Kwa hivyo siku ya pili, jirani mmoja alipopita akauliza, "Huyu Kavinya amekuja kufanya nini?" mama hakungoja nifungue mdomo.

"Amekuja kuniuguza," akasema. "Miguu yangu imekufa."

Alisema hivyo akiwa amesimama wima. Mgongoni ana mtungi wa maji, umejaa, ametoka nao mtoni kupanda kile kilima chetu. Jirani akamtazama. Mama akautua mtungi pole pole, akakaa kwenye jiwe, akasema, "Aaaai." Na hapo ndipo ugonjwa ulipoanza.

Nilikuwa na marafiki watatu wa utotoni pale Mbumbuni. Syombua, kiongozi wa akina mama wa kanisa, ambaye akianza kuomba unaweza kupika githeri ikaiva. Mbithe, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. Na Kalondu, mwenye moyo mweupe, anayeamini kila kitu. (Ukimwambia Kalondu mbuzi wako ameenda Nairobi kutafuta kazi, atakuuliza amefikia kwa nani.) Hao, pamoja na wanawake wengine wa kikundi chao, walikuwa wanakutana kila Alhamisi mchana kusuka viondo, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Waliniambia tu, "Njoo na kiondo chako."

Nikaenda. Jamani, zile Alhamisi! Usiku nilikuwa silali, nawaza Tulia. Siku sita nilikuwa mtu asiye na kwao wala kwake. Alhamisi nilikuwa Kavinya. Tunakaa chini, miguu imenyooshwa, tunasokota katani pajani, tunacheka mpaka nyuzi zinakatika. Nilijua wakigundua nimeachana na mume, nitazikosa. Kwa hivyo niliishikilia ile miguu ya mama kama aliyetumbukia kisimani anavyoshikilia kamba.

"Musyoka hajambo?" Mbithe alikuwa anauliza kila tukikutana.

"Hajambo. Anasikiliza redio." (Hapo sikudanganya.)

"Asi! Mume mwenye redio! Na wewe unamwacha peke yake na redio, wasichana wa Tulia wakija kusikiliza habari?"

"Sasa nimwache mama na miguu hiyo?"

"La, hapo kweli. Miguu ni miguu."

Shida ilikuwa mama mwenyewe. Mama hakuwa ameumbwa kwa ajili ya ugonjwa. Alikuwa mtu wa jembe. Mchana anakaa mlangoni na blanketi magotini, anatazama magugu yakimea kwenye mbaazi zake, anasaga meno. Alfajiri, kabla watu hawajaamka, anatoroka kwenda kulima. Siku moja Kalondu aliniuliza, "Kavinya, ni kama nilimuona mama yako kule mtoni, amebeba mtungi."

"Huyo atakuwa shangazi yangu."

"Mnafanana kweli kwenu," Kalondu akasema. Yakaisha.

Kisha Alhamisi moja Syombua akaweka kiondo chake chini. Nikajua kuna neno.

"Wiki ijayo hatusuki," akasema. "Sisi ni watu wa namna gani? Mgonjwa yuko pale juu mwezi mzima, na hatujampelekea hata ukuni mmoja. Tunaenda kumuona. Kuni, maji, uji na maombi."

Ningesema nini? Kwetu wanawake hawakuombi ruhusa ya kuja kuona mgonjwa. Wanakwambia tu watakuja na nini. Nikasema asante sana. Nilisikia sauti yangu ikisema asante sana kama mtu anayeishukuru mvua kwa kubeba choo chake.

Nikamwambia mama. Hakutikisika.

"Waje. Nitalala."

"Utaweza kulala mchana wote, mama? Bila kuinuka?"

"Nimezaa watoto saba. Kulala ndiko kutanishinda?"

Sasa chumba cha mama kilikuwa kidogo, ukiingia na mtu mwingine lazima mmoja apande kitandani. Wanawake wanaokuja ni kama kumi. Nikawaza, nikajiona nina akili. Nikakitoa kitanda chumbani nikakiweka sebuleni. Mimi mwenyewe! Kichwa ukutani, upande wa mlango wa nyuma, na miguu inatazama mlango wa mbele, ili kila anayeingia akutane kwanza na miguu inayougua. (Kumbuka kitanda kilipokaa. Mimi sijasahau mpaka leo.)

Wakaja wakiimba. Niliwasikia kabla sijawaona, wanapanda kilima, kila mmoja na mzigo wa kuni mgongoni, Syombua mbele. Mama alikuwa nje anafagia! Akatupa ufagio, akaruka ndani, akajifunika. Wakati Syombua anaingia, mama alikuwa ameshafika mbali sana kwenye ugonjwa.

"Aaaai. Aaaai. Ni nani hao? Macho pia yananiacha."

Nikamfinya. Tulikubaliana miguu, si macho.

"Ni sisi, Mwaitu, mama yetu," Syombua akasema, kwa sauti ile ya matanga. "Tumekuletea uji."

Uji wa mawele, wenye maziwa. Mama alikunywa kibuyu cha kwanza. Akanywa cha pili. Akatazama kama kuna cha tatu, na kilikuwapo, akakimaliza.

"Mgonjwa wetu ana nguvu ya kula," Mbithe akasema, ananitazama mimi, si mama.

"Ni miguu tu inayougua," mama akajibu kutoka ndani ya blanketi. "Tumbo halijaambiwa."

Kalondu alikuwa amebeba mafuta ya mbuzi kwenye mkebe. Akapiga magoti, akaifunua miguu ya mama mpaka magotini, akaanza kuikanda. Anakanda, analia kidogo kidogo, maskini. Kisha akaacha kukanda.

"Lakini Mwaitu, hii miguu mbona imekaza hivi? Ni kama ya punda!"

"Ni uvimbe, mwanangu."

"Uvimbe mgumu hivi?"

"Ndiyo ule mbaya."

Mbithe alifunika mdomo na leso, mabega yanatikisika. Nikadhani naye analia. Nikaona aibu kumfanya Mbithe alie, mtu ambaye sijawahi kumuona akilia hata siku ng'ombe wa mume wake alipouawa na chui.

Basi Syombua akasema tuombe. Tukapiga magoti kuzunguka kitanda, macho yamefungwa, mikono juu ya miguu ya mama inayong'aa mafuta. Syombua akaanza kwa kuumbwa kwa ulimwengu. Akapita kwa Ibrahimu. Nilifungua jicho moja nikaona mama amesinzia kweli, amechoka kwa uji. Nikasema moyoni, tumeshinda. Anamaliza, wanaenda, Alhamisi yangu imepona.

Nikasikia mbuzi nje. Meee.

Mbuzi wetu nilijua sauti zao wote, Kamwea, Kilungya na yule mweusi Mukuu, na walikuwa malishoni upande wa pili. Huyu alikuwa mgeni.

"Hodi hapa!"

Ile sauti niliijua kuliko ya mbuzi. Ni Musyoka.

Wacha niwaeleze watoto wa siku hizi, mnaokula meza moja na mama mkwe na kuitana dia. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake hawaonani ovyo. Tunaita nthoni. Ni heshima, na ni aibu, vyote pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Mkwe hafiki mama mkwe anapolala. Kumkuta amelala kitandani, miguu wazi, imepakwa mafuta? Afadhali nyumba iungue.

Na mlango ulikuwa wazi. Na kitanda kilikuwa kinatazama mlango. (Nani alikiweka? Msiniulize.)

Syombua hakusikia hodi. Alikuwa amefika mahali pake pazuri. "Bwana," akapaza sauti, "iinue miguu hii! Iinue SASA!"

Ikainuka.

Mama aliruka kutoka kitandani kama swara. Alipita juu ya Kalondu, aliyekuwa amepiga magoti, bila kumgusa nywele. Akavuta blanketi, akaufungua mlango wa nyuma kwa bega, akatoka mbio. Ile miguu iliyokufa! Tulisikia inavyopiga ardhi, puku puku puku, inazunguka nyumba.

Kalondu akafungua macho. Akaona kitanda kitupu.

"Amepona!" akapiga kelele. "Bwana asifiwe, Mwaitu amepona!" Na akaanza wimbo. Na wengine, kwa mazoea tu, wakaitikia.

Nikakimbilia mlango wa mbele kumzuia Musyoka. Hakuwapo! Pale palikuwa na mbuzi tu, amefungwa kwenye nguzo. Kumbe Musyoka, mtu wa heshima zake, alikuwa ameiona ile miguu. Akageuka, akajifunika uso na kofia, akaenda kujificha nyuma ya nyumba ili kumpa mama mkwe nafasi.

Nyuma ya nyumba.

Walikutana kwenye kona ya ghala, uso kwa uso, mama na blanketi lake, Musyoka na kofia yake. Sijui nani alipiga ukemi kwanza. Musyoka alirudi akikimbia kinyumenyume, akaanguka juu ya kuni za Syombua. Mama akaona mlango wa ghala, kile kimlango kidogo cha kupitishia magunia, akajitupa ndani. Kichwa kiliingia. Miguu ikabaki nje inapiga hewa. Kisha ikaingia nayo.

Wanawake wote walikuwa wametoka nje. Hata Kalondu alinyamaza kuimba.

Musyoka akainuka, anajipangusa, hatazami mtu. "Nilisikia mama yuko karibu kufa," akasema, akiongea na ardhi. "Salimu, yule muuza leso, alikuja na habari hiyo Tulia. Ndiyo nikaja na mbuzi wa supu."

Salimu alizunguka masoko yote, Kitui mpaka Makueni. Sikuwa nimemfikiria Salimu.

Kisha ghala likaongea.

"Mwambieni huyo kijana ageuke atazame barabara."

Musyoka akageuka, mgongo kwetu.

"Amegeuka?"

"Amegeuka, Mwaitu," Mbithe akaitikia.

"Mwambieni asante kwa mbuzi."

"Musyoka, anasema asante kwa mbuzi." (Musyoka alikuwa amesimama hapo hapo. Hata mbuzi alisikia.)

"Mwambieni haondoki na huyo mbuzi."

"Anasema mbuzi anabaki."

"Haya. Sasa mwambieni miguu yangu ni mizima!" Sauti ikapanda, ghala likatetemeka. "Mwambieni kilichokufa ni adabu yake! Anauza ng'ombe wa mtoto wangu bila kumuuliza, ananunua redio! Mpaka mtoto anarudi kwangu na kitoto mgongoni, hana mume, hana ng'ombe! Na mimi nalazwa kitandani mwezi mzima kumfunikia aibu, magugu yakimaliza mbaazi zangu! Mwambieni hivyo!"

Hakuna aliyemwambia. Hapakuwa na haja.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja na kibuyu kitupu mkononi. Nilisikia masikio yanawaka. Wanawake wote wa Mbumbuni ambao nilitaka wasijue, walikuwa pale, kwenye mstari, kama wanaongoja picha. Nikasema, sasa basi. Afadhali nimalize mwenyewe.

"Sasa mmejua," nikasema.

Mbithe akamtazama Syombua. Syombua akatazama paa.

"Tumejua nini?" Mbithe akauliza.

"Kwamba nimeachana na mume. Kwamba mama haugui."

"Kavinya," Mbithe akasema, pole pole, kama anayeongea na Mutinda, "Salimu alipita hapa siku nne baada yako. Alitueleza habari ya ng'ombe kabla hajafungua mzigo wa leso."

"Mlijua mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

"Na kwa nini mlikuwa mnaniuliza habari ya Musyoka kila Alhamisi?"

"Ulikuwa unajibu vizuri sana! 'Anasikiliza redio.' Tulikuwa tunafika nyumbani tunaanguka kwa kicheko."

Hapo vile vicheko vilivyokuwa vimefungwa ndani ya leso vyote vikafunguka. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Kumbe Mbithe hakuwa analia.

Nikamgeukia Syombua. "Na maombi? Umeomba saa nzima kwa miguu ambayo unajua ni mizima?"

"Maombi yalikuwa yako," Syombua akasema. "Na kuni ni zako, na uji ulikuwa wako, ingawa mama yako ameumaliza. Tungekuja kusema nini? Wewe ulisema miguu. Tukaomba miguu." Akachukua kibuyu mkononi mwangu. "Alhamisi ni kwangu. Usichelewe."

Hapo nikalia. Sikuwa nimelia tangu Tulia.

Kalondu peke yake alikuwa bado hajaelewa. "Kwa hivyo hakupona?" akauliza.

"Hakuwa mgonjwa, Kalondu."

"Lakini alikimbia!"

Tukamwacha.

Musyoka alikuwa bado anatazama barabara. Akasema, bila kugeuka, "Mama Mutinda, redio nimeiuza."

"Na Kaseo?"

"Aliyemnunua anakataa kumtoa. Anasema ameshamzoea."

"Basi zoea na wewe kulala peke yako," nikamwambia, mbele ya wote. "Mimi mlango wako nitauingia nikiwa nyuma ya pembe za ng'ombe wangu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Ghala likapiga vigelegele pia. Musyoka akavaa kofia akashuka kilima, na mama hakutoka mle ndani mpaka alipohakikishiwa amevuka mto. Alitoka na vumbi la mahindi kwenye nyusi, miguu inang'aa, akauliza kama uji umebaki.

Niliendelea kwenda Alhamisi, mchana, kichwa juu. Hakuna aliyenihamisha kwenye kwaya. Msimu ule ulipoisha Musyoka alikuja amemswaga Kaseo, na ndama wa nyongeza, na hakukaribia nyumba. Alisimama mbali, mgongo kwetu, kama askari. Sikumuuliza alimpataje. Nilipanga vitu vyangu nikaenda, ng'ombe mbele, mimi nyuma yake, Musyoka nyuma yangu amembeba Mutinda. Tuliishi miaka mingi, na hakuuza hata yai bila kuniuliza.

Lakini hawa marafiki zangu hawakuniachia. Tangu siku ile, mwanamke yeyote wa kile kikundi akigombana nyumbani, anaweka katani chini na kusema, "Mimi kesho naenda kuuguza mama." Na wote wanajua, na wote wanabeba kuni. Mbithe mwenyewe, na mdomo wake wote, alienda kuuguza mama mara mbili. Mama yake alikuwa ameshazikwa.

Kwa hivyo wewe unayecheka hapo na simu mkononi, nimeona siku hizi unatuma picha ukiwa kwenu kila wikendi, peke yako. Sisemi kitu. Nakuuliza tu kwa upole, mwanangu: mama anaendeleaje?